Watoto wa Mwamba wa Jamvi

Kitendawili!

Najua mmeshaitikia "tega", hata kama mnasoma kimoyomoyo. Basi: mama kalala chini ya maji, watoto wake wametapakaa jikoni kwa watu.

Mkishindwa mtanipa mji. Lakini msiwe na haraka, maana mimi mwenyewe nilikaa na jibu la kitendawili hicho jikoni mwangu miaka thelathini na moja, nikilisagia karanga, na sikujua kuwa ni jibu la kitu chochote.

Naitwa Walburga. Niliolewa Likwangwa, kijiji kidogo cha mwambao wa Ziwa Nyasa, ukishaiacha Mbamba Bay unashika njia ya Chiwanda. Mama mkwe wangu alinipokea kwa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa jiwe la kusagia la mkononi, jeusi, lenye umbo la mkate, upande mmoja laini kama shavu la mtoto. Cha pili kilikuwa mahali pake pa kuloweka mihogo kwenye Mwamba wa Jamvi.

Jamvi lenyewe si la kukalia. Ni mwamba mpana ulio chini ya maji, tambarare kama jamvi lililotandikwa, hatua kama mia moja kutoka mchangani. Juu yake kuna vishimo virefu, mithili ya mitumbwi midogo iliyochimbwa ndani ya jiwe, na kila kishimo kilikuwa na mwenyewe. Hiki cha Otilia, hiki cha Somoe, hiki cha Walburga. Mama mkwe akizeeka alimwachia mke wa mwanawe. Tulimenya mihogo michungu, tukaitia kwenye magunia, tukaizamisha pale siku tatu nne mpaka ilainike, na juu ya gunia tukakandamiza mawe ili mawimbi yasilibebe. Mawe yenyewe tuliyakuta palepale, yamelala ndani ya vishimo. Yaliyokuwa mazuri mno kuachwa majini yakapanda jikoni. Hakuna aliyeuliza nani aliyachonga. Ukikuta mwiko kwa mama mkwe, huulizi umetoka mti gani.

Jambo moja tu niliona mapema, nisimwambie mtu kwa kuwa lilikuwa dogo. Mwamba ule unakwaruza. Ukiteleza, unatoka na damu. Lakini nyuma ya kishimo changu, mahali nilipozoea kupiga magoti nikipanga gunia, magoti hayakuniuma hata siku moja. Nikadhani ni baraka ya mama mkwe.

Sasa mje nami mwaka wa tisini na sita.

Ile ilikuwa miaka iliyofuata ruksa, biashara imeachiwa kila mtu. Ushirika wa kahawa kule milimani ulikuwa umelegea, na wanunuzi binafsi walipanda na magari mpaka Ukata kulifuata gunia mlangoni kwa mkulima. Mitumba ilitufikia hata sisi wa pwani ya ziwa. Mtu yeyote mwenye wazo na mkoba wa karatasi aliitwa mwekezaji. Na ziwa nalo, kama lililosikia habari hizo, lilikuwa linarudi nyuma kila mwaka. Pale Jamvi, maji yaliyozoea kutufika kifuani sasa yalipita goti kidogo tu.

Mwekezaji wetu alikuwa Masoudi, mtoto wa Somoe. Somoe alikuja Likwangwa na mumewe kutoka Kilwa, wakafungua duka, na mimi nilipoolewa nilimkuta Masoudi anatambaa. Alikua, akahamia Mbinga mjini, akawa na malori mawili na tumbo la kuyafanania. Siku moja akaja na karatasi yake, mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Mwenyekiti alikuwa shemeji yangu Bernadi, mtu mwema, ila akiona muhuri anasimama wima.

"Mama zangu na baba zangu," Masoudi akasema, "nitawajengea gati. Boti kubwa zitafunga hapahapa. Kinachozuia ni ule mwamba. Nitaupasua kwa baruti, na kokoto zake ndizo zitakazojenga gati lenyewe."

"Na mihogo yetu tukailoweke dukani kwako?" akauliza Otilia. Otilia ni jirani yangu. Ulimi wake hauna kitasa.

"Mama Otilia, maendeleo yakija mtakula mkate."

"Mkate nilikula harusini kwako. Nililala na njaa."

Watu wakacheka, na Masoudi akacheka nao, maana hakuwa mtu mbaya. Lakini Bernadi akakohoa, akasema ombi limeshafika wilayani. Bi Edina, afisa wa wilaya, angekuja kuukagua mwamba Alhamisi ya wiki mbili zijazo. Akiona hapana kitu, atatia saini, na Jumamosi yake baruti italia.

"Hapo pana kitu gani?" Masoudi akasema. "Ni mawe matupu."

Hakuna aliyembishia. Hata sisi tulijua ni mawe.

Nilirudi nyumbani kichwa kimeniinama. Mimi sikuwa na shamba la kuachia mtu. Kitu pekee nilichopewa ili niwape wengine kilikuwa mahali pale, upana wa jamvi la mtu mmoja, chini ya maji. Nilikuwa na mke wa mwanangu, Rosa, ameolewa mwaka uleule. Ningemwonesha nini? Shimo la baruti?

Katikati ya wiki iliyofuata akapita Bwana Joakim. Huyu alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale, mtu mwembamba wa miwani, aliyekuja kutafuta tanuri za zamani za kuyeyushia chuma kule vilimani. Alikuwa akiulizia njia nyumbani kwa Otilia, mimi nipo, na Otilia anasaga karanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, usisimame mlangoni kama mgambo."

Hakuingia. Macho yalikuwa kwenye mikono ya Otilia. "Mama, hilo jiwe umelipata wapi?"

"Ziwani."

"Ziwani wapi?"

"Ndani ya maji. Ziwa lenu wasomi lina nini kingine?"

Akaliomba, akalishika kwa mikono miwili kama padri anavyoshika kikombe. Akatuonesha pembeni palipogongwagongwa ili mkono upate kushika, na chini palipolika kwa kusaga. "Hili lilichongwa na watu walioishi kabla chuma hakijajulikana huku," akasema. "Pengine kabla ya jembe. Walisaga mbegu za majani na mizizi ya porini. Kama limetoka chini ya maji, basi zama hizo ziwa lilikuwa mbali, na pale palikuwa uwanja mkavu wa watu. Yako mengine?"

"Jikoni kwa kila mtu," nikasema. "Na mengine bado yamelala Jamvi. Ila Jumamosi ya wiki ijayo yatapasuliwa kwa baruti."

Nilipomweleza, alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. Akasema sheria ya mambo ya kale ipo, na kwamba mahali kama pale hapaguswi. Lakini lazima amwoneshe afisa kwamba ni mahali pa watu, si mwamba wa Mungu tu. Ilikuwa lazima aende Songea kwanza, achukue vifaa na barua. "Nitarudi Jumatatu. Mama zangu, nawaomba jambo moja. Nataka niyaone yote."

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lilianzia kinywani mwangu.

Niambieni nyinyi: mgeni wa heshima akisema anataka kuviona vyombo vyako, utamwonesha vikiwa na masizi? Nikawaita wanawake wote wenye vishimo. Nikasema, jamani, mgeni anakuja, na kesi yetu iko mikononi mwake. Tukaingia ziwani Jumamosi asubuhi na vikapu. Tukayatoa yote yaliyolala vishimoni, na utelezi wake wa kijani, na makonokono yake. Tukayatoa na yale ya jikoni. Tukayasugua kwa majivu na mchanga, tukamalizia na majani ya msasa mpaka yakang'aa. Otilia akaona bado hayapendezi, akayapaka mafuta ya karanga. Tukayapanga kwenye mkeka mbele ya kanisa, makubwa nyuma, madogo mbele, kama watoto wa Komunyo ya Kwanza. Yalikuwa ishirini na sita. Yalipendeza, nisiseme uongo.

Jumatatu basi lilimharibikia Bwana Joakim pale Kitai, akafika mchana amechoka, vumbi mpaka kwenye kope. Tukampigia vigelegele. Tukamwongoza mpaka kwenye mkeka. Nikafunua kanga niliyoyafunikia.

Alitazama. Kisha akakaa chini mchangani, polepole, kama mtu aliyekatika kamba ndani.

"Nani ameyatoa?"

"Sisi sote!" wakaitika wanawake kwa furaha.

"Na kuyaosha?"

"Mimi ndiye niliyesema yaoshwe," nikajibu, nikiwa bado nasubiri shukrani.

Hakutukaripia. Angetukaripia ingekuwa nafuu. Alisema kwa sauti ndogo: "Mama, mtu akikutwa amekufa njiani, mkamwosha, mkamvika suti, mkampaka mafuta, mkamlaza kanisani, ndipo mkaita polisi waje kuchunguza alikufaje. Watachunguza nini?"

Kuku akapita katikati ya mawe, na hakuna aliyemfukuza.

"Basi tumeosha ushahidi," Otilia akasema.

"Mmeosha na kupaka mafuta. Jiwe lililolala mahali pake linasema. Kwenye ule utelezi na mchanga wa shimoni kulikuwa na habari ambazo sasa haziko. Na Alhamisi Bwana Masoudi atasema mawe haya yametoka mtoni, au popote. Nitambishia kwa nini?"

Aliingia ziwani jioni ileile na kamba yake ya kupimia, akapima vishimo, akachora. Alirudi anatetemeka kwa baridi. Vishimo vilikuwa vizuri, akasema, lakini mtu asiyetaka kuamini angesema vimechimbwa na maji.

Sitaki kuwadanganya kwamba nililia kidogo. Nililia sana. Nilikaa jikoni na jiwe langu mapajani, linanuka karanga, nikaliambia, mwenzangu, nimekuua kwa usafi. Mama mkwe alinipa kitu akiwa ameamini kwamba nina akili.

Asubuhi ya Jumanne Otilia akaja kunipa pole. Akakuta nimelishika bado.

"Utalilea mpaka lini? Litaota meno."

"Otilia," nikamwambia, "ulipolichukua jiwe lako, lilikuwa ndani ya kishimo gani?"

"Changu. Ningechukua la mtu nionekane mwizi?"

"Na mimi langu mama mkwe alilitoa kwenye changu. Hebu twende."

Tukaingia majini na mawe yetu, kanga tumezifunga juu. Kwanza nikaliweka langu kwenye kishimo cha Otilia, nikalisukuma kama ninayesaga. Likacheza. Ko, ko, ko, likagonga ubavu huu na huu, kama jino bovu. Nikalihamisha kwenye kishimo cha Somoe. Ko, ko, ko. Nikalipeleka kwangu, nikapiga magoti, nikalisukuma mbele.

Likanyamaza.

Liliteleza mbele na nyuma bila sauti, limeshikwa kila upande, kama mtoto aliyekuwa akilia sasa amerudishwa mgongoni kwa mama yake. Otilia akajaribu lake. Kwangu liligonga. Kwake likanyamaza. Tukatazamana tukiwa tumelowa mpaka kifuani.

"Mama kalala chini ya maji," nikasema.

"Usianze vitendawili vyako, Walburga, nasikia baridi."

"Watoto wake wametapakaa jikoni kwa watu."

Akaanza kukimbia kuelekea nchi kavu, maji yanaruka, anamwita Bwana Joakim kama mwenye nyumba inayoungua.

Bwana Joakim alijaribu mawe matano kwa mkono wake. Alipotoka majini alikuwa anacheka peke yake. Lakini alikuwa mtu mwangalifu. "Alhamisi watasema mmefanya mazoezi," akasema. "Watasema mmeyapanga."

"Basi wapange wao," nikamjibu.

Alhamisi, gari la wilaya lilifika saa nne asubuhi. Kijiji kizima kilikuwa ufukweni, na hata waliopanga kwenda shamba walighairi. Bi Edina alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Aliwasikiliza wote akiwa amesimama. Kwanza Masoudi, aliyevaa suti ya Kaunda na kukunja suruali hadi magotini. Kisha Bwana Joakim na michoro yake. Kisha Bernadi, ambaye alikubaliana na wote wawili.

"Mimi siwezi kuamua juu ya maji nikiwa mchangani," Bi Edina akasema. "Nishikieni viatu."

Akafunga sketi yake fundo, akaingia. Sisi nyuma yake, mawe yetu kwenye vikapu. Tulipofika Jamvi nikamwomba ayachanganye mwenyewe. Akayachanganya yote kwenye mtumbwi mmoja kwa mikono miwili, kama anayechanganya kete.

"Masoudi mwanangu," nikasema, "chagua wewe. Chukua jiwe lolote, ujaribu kila kishimo. Likienea kwenye viwili, lete baruti yako leo hii, na nitakubebea."

Otilia akanifinya. Mawe yale sikuwa nimeyajaribu yote.

Masoudi akatafuta mtumbwini, mara akacheka. Akainua moja jekundu lenye ufa pembeni. "Hili nalijua. Hili ni la jikoni kwa mama yangu. Nimeamka maisha yangu yote nikilisikia linasaga. Hili halikutoka ziwani, ni la dukani kwetu. Nikiliingiza hapa, hadithi yenu imekwisha."

Nikamtafuta Somoe kwa macho. Alikuwa amesimama majini na baibui lake limekunjwa, uso haujulikani unaelekea wapi. Alikuwa mama wa mtu, na mwenzetu pia.

Masoudi akaanza. Kishimo cha kwanza: ko, ko, ko. Akainua uso kwa Bi Edina kama anayesema, unaona? Cha pili: ko, ko. Cha tatu hata halikuingia. Alifika cha nane, jasho linamtoka ndani ya maji baridi. Watu wote walikuwa wamenyamaza wakisikiliza jiwe linavyogonga, maana chini ya maji sauti ile inakuja mpaka kwenye nyayo zako.

Kwenye cha tisa alipiga magoti, akalitia, akalisukuma.

Kimya.

Akalisukuma tena. Mbele, nyuma. Hata kwenye nyayo hatukusikia kitu.

"Hicho ndicho changu," Somoe akasema. Sauti yake ilikuwa nyepesi, na ikafika mbali. "Nilipofika hapa nikiwa mgeni, mama mkwe wa Walburga ndiye aliyenipa hicho kishimo, na jiwe lake ndani. Nililipeleka jikoni mwaka huohuo. Muhogo uliokukuza, Masoudi, umelainikia hapo ulipo."

Vigelegele vilianza, lakini Masoudi aliinua mkono. Alikuwa mfanyabiashara, hakati tamaa kwa hasara ya kwanza. "Sawa. Linaenea. Nakubali jiwe. Lakini shimo je? Maji hutoboa mwamba, hata watoto wa shule wanajua. Jiwe limezungushwa na mawimbi humu ndani miaka na miaka, likachimba shimo la saizi yake. Hapo kuna mtu gani?"

Bi Edina akawaza. "Hoja hiyo ina uzito," akasema, na akamgeukia Bwana Joakim. Bwana Joakim akaanza kupekua michoro yake, ukurasa baada ya ukurasa.

Mimi nilikuwa namtazama Masoudi. Bado alikuwa amepiga magoti, ametulia, maji yanamfika kiunoni, kama mtu aliyekaa kwake.

"Kitendawili!" nikasema.

"Tega!" wakaitika wote, hadi Bi Edina, halafu akajishika mdomo.

"Nimekwenda kwa bibi sikumkuta, nimeyakuta magoti yake."

"Mama Walburga, tuko kazini," Masoudi akasema.

"Kazi ndiyo hii. Jibu."

Akafikiri. Hakuna mtu aliyelelewa Likwangwa anayeweza kuacha kitendawili kimpite. "Ngamia?"

"Ngamia wa wapi, Nyasa? Jibu vizuri."

"Sijui. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Likwangwa."

Ufukwe mzima ukacheka. "Huo si wako kuutoa," nikamwambia, "ndiyo maana leo tumelowa wote. Nipe ulio wako."

"Haya, Mbinga. Nakupa Mbinga nzima."

"Nimekwenda Mbinga, nimekula, nimelala vizuri, nimerudi. Sasa usinyanyuke. Masoudi, umepiga magoti juu ya nini?"

"Juu ya mwamba."

"Yanakuuma?"

Nikaona anajisikiliza mwenyewe. "Hayaumi," akasema.

"Sogea kando, hatua moja tu. Piga tena."

Akasogea, akapiga magoti. "Uuuwi! Mama wee!" Akaruka mzima mzima, goti moja linachuruzika damu.

"Rudi pale pa kwanza."

Akarudi, akapapasa chini kwa viganja. Kisha akapapasa tena, polepole. Akainua uso, na nakuapieni ilikuwa tena ile sura ya mtoto niliyemkuta anatambaa. "Pana sehemu mbili laini," akasema. "Za mviringo. Moja huku, moja huku."

"Maji yanachimba shimo, mwanangu, sikubishii," nikamwambia. "Lakini maji hayapigi magoti."

Nani alianza sijui. Otilia alikwenda akapiga magoti nyuma ya kishimo chake. Gertruda wa mlimani akaenda kwake, Lidia kwake, Rosa nikamvuta mkono nikampeleka kwangu. Kila mmoja akainua kiganja juu: yapo, yapo, na hapa yapo! Tulitazama upande mmoja sote, migongo tumeupa mwera, upepo ule unaotoka kusini, kama ambavyo mwanamke yeyote mwenye akili angekaa akisaga unga ili usipeperuke. Ishirini na tatu tulikuwa, tumepiga magoti katika nafasi za wanawake ishirini na tatu ambao hakuna ajuaye majina yao. Bwana Joakim alikuwa anakimbia ndani ya maji kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, anaandika, daftari limelowa, miwani imeanguka, na hakuitafuta.

Kisha Bi Edina, afisa wa wilaya, akachagua kishimo kisicho na mtu, akapiga magoti na sketi yake ya ofisini. Akakaa pale muda mrefu kidogo kuliko ukaguzi unavyohitaji.

Akasimama. "Bwana Masoudi," akasema, "baruti haitapigwa hapa. Si Jumamosi, si siku nyingine. Mwenyekiti, andika."

Vigelegele vilivyopigwa siku ile, waliokuwa wakivua usipa upande wa Chiwanda walidhani Likwangwa imepata askofu. Otilia alimwagia Bernadi maji. Bernadi akamwagia Bi Edina kwa bahati mbaya, akasimama wima. Na Somoe akamfunga mwanawe goti kwa ncha ya kanga yangu, huku akimwambia, "Si nilikwambia utotoni usicheze vitendawili na huyu?"

"Nimetoa Mbinga nzima kwa swali moja," Masoudi akasema, akitikisa kichwa. Na gati alilijenga baadaye, msifikiri hakulijenga. Alilijenga mdomoni mwa mto kwa mawe ya kilimani, na boti zikafunga, na mkate ukaja. Otilia bado anasema haushibishi.

Ugomvi wa mwisho ulikuwa na Bwana Joakim, mtu wetu mwenyewe. Yeye alitaka Jamvi lizungushiwe kamba na maboya, asiingie mtu.

"Na wewe unalala wapi?" Otilia akamwuliza.

"Dar es Salaam."

"Basi usiku mwizi akija, utamwona kutoka Dar? Sisi tumeulinda kwa sababu ya mihogo. Ukiondoa mihogo, umeondoa mlinzi."

Akawaza, akacheka, akakubali. Tukapatana hivi: mawe yote yarudi kwenye vishimo vyake, na yasitoke tena. Magunia ya mihogo tuyakandamize kwa mifuko ya mchanga, nje ya vishimo. Wavu wa kokoro usiburutwe pale, wala mtumbwi usitie nanga. Na atakayeona kitu kigeni chini ya maji akiache kilivyo, akiwa na utelezi wake na konokono wake, aje aseme. Bi Edina akauliza mlinzi mkuu ni nani, nao wakanisukuma mbele, mimi niliyeosha ushahidi.

"Ndiyo maana," Bwana Joakim akasema. "Huyu hatakosea tena."

Jiwe langu nililirudisha kwa mkono wangu. Nisiwafiche, jiko lilikuwa kimya siku nyingi, na karanga za kinu hazina utamu ule. Lakini nilipolitia kishimoni likanyamaza, nilijua mama mkwe angesema nimefanya vizuri.

Ziwa lilirudi. Leo Jamvi liko chini, maji yanawafika wake wa wanangu kifuani, na wageni wanaokuja na mitungi ya hewa mgongoni hupita kwanza nyumbani kwangu kuomba njia. Mimi siendi mara kwa mara. Magoti yangu siku hizi yanauma kanisani, yanauma jikoni, yanauma hata kitandani. Lakini mwaka juzi, ziwa lilipotulia, Rosa alinishika mkono nikaingia, nikavuta pumzi, nikazama, nikapiga magoti pale.

Hayakuuma.